Kung'arisha Ncha za Viunganishi vya Faiba ili Kila Kimoja Kiwe Sawa na Mwenzake

Kebo ya faiba inayoingia katika ofisi moja pale katikati ya Nakuru, au katika zahanati kule Kondele mjini Kisumu, huishia mahali pamoja: kwenye ncha ya kioo nyembamba, unene wake ukikaribia ule wa unywele mnene, iliyogundishwa ndani ya kijiti kifupi cha seramiki kilicho mbele ya kiunganishi, ambacho mafundi hukiita feruli. Uzi huo wa kioo una kipenyo cha mikromita 125, nacho kiini chake, yaani sehemu ya katikati ambamo mwanga husafiri, kina upana wa mikromita 9 hivi katika faiba ya modi moja, yaani ile inayopitisha mwanga kwa njia moja tu. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe ya vumbi ambayo jicho haliioni inaweza kufunika kiini chote.

Pachikodi nyingi, yaani kebo fupi zenye viunganishi tayari, zinazouzwa madukani kwetu huja zikiwa zimekwisha kung'arishwa kiwandani ng'ambo, na fundi anayeunganisha nyumba moja moja kwa kawaida huyeyushia kebo yake kipande kilicho na kiunganishi tayari, au hutumia kiunganishi cha haraka kisichohitaji msasa. Kwa kazi hiyo sina neno. Lakini karakana inayotengeneza kebo za urefu maalumu, chuo kinachofundisha ufundi, au mhandisi anayetaka kufufua kiunganishi kilichokwaruzika badala ya kukitupa, lazima wajue kung'arisha. Kupata kiunganishi kimoja kizuri si kazi ngumu. Hata mwanafunzi wa wiki moja hubahatika. Kazi ni kupata ishirini na nne vinavyopimwa na kutoa namba zinazokaribiana.

Niseme mapema ninachoamini, kwa kuwa maelekezo yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Ubora unaolingana hautoki kwenye filamu ya mwisho ya msasa. Unatokana na kila hatua kufuta kabisa mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, bila kubeba hata chembe moja kutoka nyuma. Anayeharakisha hatua ya pili kisha akakaza mkono kwenye ya nne atapata uso unaong'aa wenye mikwaruzo chini yake.

Kinachotafutwa kwenye ncha

Viunganishi viwili vinapokutana ndani ya adapta, nyuso zao za kioo hazina budi kugusana. Zikiachana, hewa huingia katikati, na kila uso wa kioo unaotazamana na hewa hurudisha nyuma takribani asilimia 4 ya mwanga uliokuwa ukienda mbele. Mwanga huo unaorudi husumbua leza iliyoutuma, na hasara hiyo ikirudiwa kwenye viunganishi vitano au sita vya njia moja, mteja aliye mwisho wa laini ndiye anayeumia.

Ili nyuso zigusane, ncha ya feruli haifanywi bapa. Hufanywa kuba ndogo sana, na kilele cha kuba hiyo kinatakiwa kiwe pale pale uzi ulipo. Kwa viunganishi vya aina ya UPC, yaani vyenye kuba isiyo na mshazari, vyenye feruli ya milimita 2.5, kama miundo ya SC na FC, nusu kipenyo cha mviringo wa kuba hiyo hutakiwa kiwe kati ya milimita 10 na 25, na kilele kisiwe mbali na katikati kwa zaidi ya mikromita 50. Muundo mdogo zaidi wa LC una feruli ya milimita 1.25, kwa hiyo unaonekana dhaifu mkononi na kweli unataka mkono mwepesi zaidi. Uzi wenyewe usizame sana ndani ya seramiki wala usichomoze kupita kiasi. Tofauti inayozungumziwa hapa huhesabiwa kwa makumi ya nanomita, na haionekani kwa hadubini ya kawaida. Hupimwa kwa intaferomita, chombo ambacho karakana nyingi ndogo hazina. Asiye nacho hulazimika kuwa mkali zaidi katika mambo anayoweza kuyaona na kuyahesabu: muda, mgandamizo, idadi ya mizunguko na umri wa filamu.

Kiunganishi cha UPC kilichong'arishwa vizuri hurudisha mwanga kwa kiwango kilicho chini ya mwanga uliotumwa kwa desibeli 50 au zaidi, maana yake sehemu moja kwa laki moja. Upotevu wa mwanga unaopita mbele, kwa desturi ya karakana makini, haupaswi kuzidi desibeli 0.3, sawa na kupoteza karibu asilimia 7. Viwango vya majengo huruhusu hadi desibeli 0.75 kwa jozi, lakini anayelenga kiwango cha mwisho cha kuruhusiwa hupata mara nyingine kilicho nje yake.

Chumba, maji na vitambaa

Husemwa kwamba jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyeishi hapa mwezi wa Februari hatalibishia. Udongo wa majivu ya volkano ni laini, hupenya chini ya mlango na hukaa hewani muda mrefu. Njia ya kwenda Gilgil iko Kariandusi, ambako huchimbwa daitomaiti, unga mweupe wa silika unaotumika duniani kote kuchuja vinywaji na hata kung'arishia vyuma. Silika ndiyo kioo chenyewe. Vumbi lenye silika likiangukia filamu yako ya mwisho, si uchafu tu wa kupangusa. Ni msasa mwingine ambao hukuuchagua.

Kwa hiyo chumba cha kazi kipigwe deki, kisifagiwe. Ufagio huinua vumbi lote na kulitandaza mezani. Madirisha yafungwe, feni izimwe wakati filamu ziko wazi, na ikiwezekana hatua mbili za mwisho zifanywe asubuhi kabla upepo wa mchana haujaanza. Mafundi wa Kisumu wana adha yao: wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa jioni kwa makundi, na mdudu mmoja aliyepondwa juu ya pedi huiharibu filamu nzima. Weka wavu dirishani au umalize kazi kabla ya magharibi.

Maji ya kulowesha filamu yawe yaliyotoneshwa. Maji ya visima vya Nakuru yanajulikana kwa floridi na madini mengine, na tone moja likikauka juu ya feruli huacha duara jeupe linaloonekana vizuri sana kwenye hadubini. Yale maji ya betri za magari yanayouzwa vituo vya mafuta hufaa, mradi usome chupa na kuhakikisha si asidi. Alkoholi iwe ya isopropili, ya asilimia 99. Spiriti ya kidonda kutoka duka la dawa haifai, hata kama inanuka vivyo hivyo, kwa sababu ina maji na mara nyingi huongezwa mafuta ya kulainisha ngozi, ambayo hubaki kwenye kioo kama utando. Vitambaa navyo viwe vile visivyotoa nyuzi. Kipande cha leso kuukuu au karatasi ya shashi huacha nyuzinyuzi nyingi kuliko uchafu kinachouondoa.

Vaa miwani ya kinga. Vipande vya uzi vilivyokatwa vibandikwe kwenye utepe wa gundi na kutiwa ndani ya chupa yenye kifuniko, maana kipande cha kioo kikiingia kidoleni hakionekani na kutolewa kwake ni kazi ya daktari. Chai na mandazi viliwe katika chumba kingine.

Gundi ndiyo nusu ya kazi

Watu hushangaa mwongozo wa kung'arisha ukianza na gundi. Lakini viunganishi ambavyo havikulingana kwenye gundi havitalingana kwenye msasa, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Kwanza ambua maganda ya kebo kwa vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji wa kiunganishi, punguza nyuzi za manjano za aramidi kwa mkasi wake maalumu, kisha ondoa koti la uzi hadi kioo kibaki kitupu. Kipanguse mara moja kwa alkoholi, kwa mwendo mmoja wa kuvuta, na usikiguse tena. Jaribu kukipitisha ndani ya feruli kikiwa kikavu. Kikikwama, usisukume, kioo kilichokwaruzwa ndani ya feruli huweza kukatika miezi mingi baadaye, kiunganishi kikiwa tayari ukutani kwa mteja.

Epoksi ya sehemu mbili ichanganywe kwa uwiano ulioandikwa kwenye karatasi yake, kwa mizani na si kwa macho, na mapovu yaachwe yatoke kabla ya kuivuta kwenye bomba la sindano. Ingiza sindano kutoka nyuma ya feruli, sukuma polepole hadi tone dogo litokeze mbele, kisha rudisha sindano huku ukiendelea kusukuma kidogo. Pitisha uzi utokeze mbele milimita chache.

Sasa tazama lile tone lililokaa kwenye ncha, likiuzunguka uzi. Ukubwa wake ndio unaoamua mambo mengi yatakayofuata. Likiwa dogo mno, uzi hauna wa kuushika wakati wa kukata na kusaga, nao huvunjika chini ya uso wa seramiki, na ufa wa namna hiyo hautoki kwa msasa wowote. Likiwa kubwa mno, filamu ya kwanza huchoka kwa kusaga gundi kabla haijafika kwenye kioo. Na matone yakitofautiana katika kundi moja la mashine, kiunganishi chenye tone kubwa hubeba mzigo wa wenzake: hicho husagwa kwa nguvu, vile vingine vikielea juu juu. Baadaye fundi hulaumu mashine. Jizoeze kutoa tone la ukubwa mmoja, na lililozidi lipunguze kwa kijiti safi kabla ya kuingiza tanurini.

Joto na muda wa kuivisha gundi vifuate karatasi ya mtengenezaji. Epoksi nyingi za kazi hii hubadilika rangi zikiiva, kutoka manjano iliyopauka hadi kahawia au nyekundu iliyokolea, na rangi hiyo iwe sawa kwenye viunganishi vyote. Hapa nina kisa changu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza pachikodi kadhaa za mteja mmoja wa Kisumu, na umeme ukapotea tanuri likiwa katikati ya kazi. Uliporudi nilihesabu dakika kana kwamba hazikukatika. Zote zilipita vipimo mezani kwangu Nakuru. Baada ya wiki mbili katika joto la Kisumu zilianza kupoteza mwanga, moja baada ya nyingine, kwa kuwa gundi ambayo haikuiva iliuacha uzi urudi nyuma ndani ya feruli. Nilizirudia zote kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, umeme ukikatika, muda unahesabiwa upya tangu tanuri lifikie joto lake, na tanuri limeunganishwa na betri.

Kukata uzi na kuondoa kisiki

Kiunganishi kikishapoa kabisa, chukua kalamu ya kukatia yenye ncha ya yakuti au kabidi, na uguse uzi mara moja juu kidogo ya tone la gundi. Neno ni kugusa. Unachotaka ni alama ndogo upande mmoja, kisha uushike uzi na kuuvuta wima kufuata mhimili wa feruli. Ukiupinda badala ya kuuvuta, utavunjika kwa mshazari na ufa kuingia ndani.

Kisiki kinachobaki kiondolewe kabla kiunganishi hakijafika kwenye pedi. Shika kipande cha filamu ya mikromita 12 mkononi, ukipinde kama upinde, na ukizungushe hewani juu ya ncha kwa wepesi sana, ukisikiliza. Mwanzoni utasikia mkwaruzo wa kioo; sauti ikipungua na kidole kikawa hakihisi ncha inayochoma, kisiki kimefika kwenye gundi. Anayekimbilia pedi na kisiki bado kirefu hukivunja, na hutoboa filamu mpya papo hapo.

Filamu kwa mkono

Kwa kung'arisha kwa mkono utahitaji kisahani cha chuma chenye tundu la kushikia feruli wima, bamba la kioo lililo bapa, pedi ya mpira ya kuweka juu ya bamba, na filamu za oksidi ya alumini za mikromita 3, 1 na 0.3. Feruli za seramiki za siku hizi huja na kuba yake tayari kutoka kiwandani, na kazi ya mkono ni kuondoa gundi na kulainisha kioo bila kuiharibu kuba hiyo. Ndiyo sababu ya pedi ya mpira: filamu iliyolala moja kwa moja juu ya kioo kigumu huisawazisha ncha ikawa bapa, lakini mpira hubonyea na kuifuata kuba. Pedi laini zaidi hutoa kuba iliyochongoka zaidi, na pedi iliyozeeka na kuwa ngumu hutoa kuba pana. Kwa hiyo kubadilisha pedi ni kubadilisha umbo, hata kama filamu ni zile zile.

Panguza bamba, pedi, mgongo wa filamu na kisahani kwa alkoholi kabla ya kuanza. Chembe iliyonaswa chini ya filamu huinua kijilima kinachokwaruza kila kiunganishi kinachopita juu yake. Weka filamu ya mikromita 3, anza bila mgandamizo wowote zaidi ya uzito wa kisahani, na uchore namba nane kubwa, ukitumia eneo lote la filamu badala ya kuchimba mahali pamoja. Mwendo wa namba nane una sababu yake: hubadilisha mwelekeo wa mikwaruzo kila wakati, ili pasiwe na upande mmoja wa feruli unaoliwa kuliko mwingine. Baada ya mizunguko michache gundi itaanza kuisha. Hapo ongeza mgandamizo kidogo na uendelee hadi pete ya gundi itoweke na seramiki yote ionekane inang'aa. Ukiona gundi inatapakaa kama ulimbo badala ya kutoka kama unga, haikuiva, rudisha tanurini.

Kisha safisha. Feruli, kisahani na pedi vipanguswe kwa kitambaa kipya chenye alkoholi, halafu kwa kikavu, kabla filamu ya mikromita 1 haijagusa meza. Punje moja ya mikromita 3 iliyosafiri hadi hatua inayofuata itachora mistari ambayo filamu hiyo ndogo haina uwezo wa kuifuta, na utazunguka hadi mkono uchoke bila mafanikio. Napendelea kila filamu iwe na pedi yake na sehemu yake ya meza, na kisahani kisivuke mpaka bila kuoshwa. Mafundi wengine huona jambo hili ni la kupoteza muda. Wahesabu muda wanaotumia kurudia.

Kwenye mikromita 1 fanya mizunguko ishirini hadi thelathini, ukiiweka idadi hiyo sawa kwa kila kiunganishi, kisha tazama kwa hadubini. Mikwaruzo mikubwa ya hatua ya kwanza iwe imekwisha yote. Kama upo hata mmoja unaokatiza katikati, usiendelee mbele, ongeza mizunguko hapo hapo. Filamu ya 0.3 huja mwisho, ikiwa imeloweshwa kwa matone machache ya maji yaliyotoneshwa, na haihitaji zaidi ya mizunguko kumi hivi. Kwa faiba ya modi nyingi, yenye kiini kipana zaidi, hapo umemaliza. Kwa modi moja, malizia kwa filamu laini ya silika yenye maji.

Kuwe na kiasi katika hatua hizi za mwisho. Oksidi ya alumini na silika hukata kioo kwa urahisi kuliko zinavyokata seramiki, ambayo ni ngumu zaidi. Ukizunguka kwa muda mrefu ukitafuta mng'ao, uzi utazama chini ya seramiki, hewa itapata nafasi, na kiunganishi kinachopendeza sana machoni kitarudisha mwanga vibaya. Nimeona wanafunzi wengi wakiharibu hapa kuliko penginepo, nao ni wale wenye bidii.

Mashine

Mashine hushika viunganishi kumi na viwili, kumi na vinane au ishirini na vinne kwenye sahani moja na kuvizungusha juu ya filamu. Kwa kuwa kuna nguvu ya kutosha, hutumika hasa filamu za almasi: kwanza silikoni kabidi ya kuondolea gundi, kisha almasi zenyewe za mikromita 9, 3 na 1, na silika mwishoni. Almasi hukata kioo na seramiki kwa pamoja, ndiyo maana kuba hubaki na umbo lake na uzi haubaki nyuma. Kila hatua huchukua kwa kawaida sekunde 30 hadi 60, kutegemea mashine na mgandamizo.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuendesha sahani yenye matundu ishirini na manne ikiwa na viunganishi kumi na tisa. Mgandamizo wa mashine hugawanywa kwa vilivyopo. Vikipungua, kila kimoja hukandamizwa zaidi, na vikikaa upande mmoja, sahani nzima huinama. Jaza matundu yaliyobaki kwa feruli tupu za kujazia, na uhakikishe zote zimetokeza kwa urefu ule ule chini ya sahani. Filamu nayo ina umri. Kila filamu iandikwe pembeni imetumika mara ngapi, na itolewe kwa kuhesabu badala ya kungoja ionekane imechakaa, kwa sababu filamu iliyochoka haikwaruzi zaidi. Hukata polepole tu, na mikwaruzo ya hatua iliyopita hubaki bila mtu kujua.

Kuhusu APC, viunganishi vya kijani vinavyotumika sana katika mitandao ya faiba ya majumbani, ushauri wangu ni mfupi: usivifanye kwa mkono. Ncha yake imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi utoke nje ya kiini, na hutakiwa kufikia desibeli 60. Pembe hiyo lazima ilingane na ufunguo wa kiunganishi, yaani kijino kinachokizuia kuzunguka, na kisahani cha mkononi hakiwezi kuishika mara ishirini mfululizo bila kupotoka. Tumia mashine yenye sahani yake maalumu, au nunua kipande kilicho tayari. Wala usimruhusu mtu kuchomeka cha kijani kwenye cha buluu, yaani cha UPC. Havigusani sawasawa, na vinaweza kuharibika vyote viwili.

Kukagua

Kabla ya kuweka jicho au kamera kwenye ncha yoyote, hakikisha upande wa pili haujaunganishwa na kitu chochote kinachotoa mwanga. Mwanga wa mawasiliano wa nanomita 1310 au 1550 hauonekani, na jicho halitakuonya. Hadubini ya kamera ni salama kuliko ya kuchungulia.

Tumia ukuzaji wa mara 200 kuona uso wote, na mara 400 kuona kiini. Kanuni ya kimataifa ya IEC 61300-3-35 huugawanya uso huo kwa kanda, kuanzia kiini na ganda la kioo linalokizunguka, na ukali wa masharti hupungua kadiri unavyotoka katikati. Katika karakana yangu sheria ni rahisi: ndani ya duara la mikromita 25 la katikati pasionekane mkwaruzo wala doa lolote kwa modi moja. Kwenye ganda la kioo navumilia mistari myembamba. Tofautisha uchafu na jeraha kwa kusafisha na kutazama tena: kilichohama ni uchafu, kilichobaki mahali pake ni jeraha. Mkwaruzo hurudishwa kwenye mikromita 1. Ufa au kona iliyomeguka karibu na kiini haina dawa; kata kiunganishi, anza upya.

Halafu pima kwa chanzo cha mwanga na mita yake, kwa 1310 na kwa 1550 vyote viwili, ukitumia kebo ya rejea, yaani kebo nzuri ya kulinganishia, ambayo nayo umeikagua asubuhi hiyo. Kebo ya rejea iliyochafuka huzishtaki zote zisizo na hatia. Kama 1550 inapoteza mwanga zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko 1310, tafuta mahali kebo ilipobanwa au kupindwa, mara nyingi nyuma ya kiunganishi penye pete ya kubana, kabla ya kuulaumu msasa.

Namba hizo ziandikwe daftarini kando ya tarehe, namba ya kundi la gundi, umri wa kila filamu na jina la aliyeshika kazi. Usitafute tu kilichofeli. Angalia kundi zima linaelekea wapi: kama wiki iliyopita viunganishi vilikaa kati ya desibeli 0.10 na 0.18 na wiki hii viko kati ya 0.20 na 0.28, vyote bado vimepita, lakini kuna kitu kimebadilika, na kwa kawaida ni pedi au filamu ya hatua ya pili. Huo ndio wakati wa kukitafuta.

Kiunganishi kilichopita kipanguswe mara ya mwisho na kufunikwa mara moja kwa kifuniko kipya. Vifuniko vilivyozagaa mezani hubeba vumbi na kulisukuma kwenye uso uliokwisha kuutengeneza, basi viwekwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kebo izungushwe kwa duara lisilopungua nusu kipenyo cha milimita 30, ifungwe kwa utepe laini badala ya kubanwa kwa plastiki, na karatasi ya vipimo vyake iingie ndani ya mfuko huo huo, ili fundi atakayeifungua Kakamega au Kisumu aone namba ilizotoka nazo Nakuru na kuzilinganisha na zile atakazozipata yeye.